BEI NDOGO SI URAHISI: JIBU KWA WANAOTUFUNDISHA HISA BILA HESABU

Ndugu wanachama,

Maneno mawili yanazunguka siku hizi katika makambi yetu, kutoka Butere mpaka Lugari, na yote mawili twayapinga. La kwanza lasema: hisa ni mchezo wa matajiri wa Nairobi, mtu wa reli aziache. La pili lasema: nunua hisa ya senti, kwa maana kitu kilicho chini kabisa hakina pa kwenda ila juu. Msemaji wa kwanza hujiona mwenye busara na msemaji wa pili hujiona mjanja. Sisi twaona wote wawili wamekwepa kazi ile ile moja, nayo ni kukaa chini na kalamu na kugawanya.

Tuanze na huyu wa kwanza. Na atoe karatasi yake ya mshahara aisome. Pale pana makato ya NSSF, ambayo zamani yalikuwa Sh 200 kwa mwezi, na tangu sheria ya 2013 ilipoanza kufuatwa mwaka 2023 yameongezeka sana. Fedha hizo hazilali sandukuni. NSSF hununua hati za serikali, hujenga na kununua majumba, tena hununua hisa katika soko la Nairobi. Basi ndugu yetu ajisifuye kwamba hajawahi kugusa hisa hata siku moja, anazo. Amenunuliwa na watu wengine, kwa bei asiyoijua, katika kampuni ambazo hajauliza habari zake. Mtu aweza kukataa kwenda sokoni, lakini fedha yake imekwisha kwenda bila yeye. Je, hapo kutojua ni busara gani?

Tena si kweli kwamba mambo haya yako mbali na sisi wa Kakamega. Kiwanda cha sukari cha Mumias kiko hapa hapa, na mwaka 2001 serikali ilipouza hisa zake kwa watu wote kwa Sh 6.25 kila moja, hazikununuliwa na matajiri wa Nairobi peke yao. Mwaka 2008 Safaricom ilipouzwa kwa Sh 5, watu zaidi ya 800,000 walipeleka maombi. Hao wote hawakuwa matajiri. Wengi walikopa. Na tangu mwaka 2025 soko la Nairobi limeruhusu mtu kununua hata hisa moja tu, wakati zamani ilikuwa lazima ununue kuanzia mia. Mlango umefunguliwa mpana mpaka kwa mfagiaji wa stesheni, na wanaosimama mlangoni kutukaribisha hawatuambii mengi.

Sasa tumgeukie huyu wa pili, maana ndiye wa hatari zaidi. Yeye hana uvivu, ana haraka. Hutuambia: "Hisa ya Safaricom ni ghali, hii hapa ni senti sitini, chukua elfu kumi." Ndugu, huyo hajui maana ya neno ghali.

Chukua mfano wa ng'ombe. Mmoja anauzwa Sh 60,000, na ukitoa gharama ya majani, dawa na mchungaji, anakuletea faida ya Sh 15,000 kwa mwaka. Mwingine anauzwa Sh 20,000, na faida yake kwa mwaka ni Sh 1,000. Gawanya. Wa kwanza atarudisha bei yake kwa miaka 4. Wa pili atairudisha kwa miaka 20, kama hatakufa kabla. Yupi ni rahisi? Kila mama wa Kakamega ajua jibu pasipo kuandika popote. Lakini watu wale wale wakiingia katika habari za hisa husahau, wakatazama bei peke yake, kana kwamba bei ni jibu. Bei ni nusu tu ya swali.

Hisa nayo ni hivyo hivyo. Chukua faida yote ya kampuni katika mwaka, baada ya kodi, uigawanye kwa idadi ya hisa zote. Hiyo ndiyo faida ya kila hisa. Kisha chukua bei ya hisa uigawanye kwa faida hiyo. Utapata idadi ya miaka ambayo faida ya namna hiyo ingerudisha bei uliyolipa. Katika kurasa za biashara za magazeti hesabu hii huandikwa P/E, na wengi huiruka wakidhani ni alama ya wakubwa. Ni ng'ombe yule yule.

Tuijaribu. Safaricom ilipouzwa mwaka 2008 ilikuwa na hisa bilioni 40, na faida ya mwaka uliokwisha Machi 2008 ilikuwa karibu Sh bilioni 13.8 baada ya kodi. Gawanya: kama senti 35 kwa kila hisa. Sh 5 kwa senti 35 ni miaka 14 na kitu. Hiyo si bei ya kutupwa, wala si wizi. Ni bei ya kampuni inayotazamiwa kukua, na kweli ilikua, ingawa walionunua kwa fedha ya mkopo waliona bei ikishuka chini ya Sh 3 mapema mwaka 2009, na mkopo haungojei bei ipande.

Ruka miaka. Mwaka 2021 hisa hiyo hiyo ilipita Sh 40. Faida ya mwaka uliokwisha Machi 2021 ilikuwa karibu Sh bilioni 68.7, yaani kama Sh 1.71 kwa hisa. Sh 40 kwa 1.71 ni miaka 23. Na gawio, yaani fedha yenyewe iliyotiwa mkononi mwa mwenye hisa, lilikuwa Sh 1.37 kwa mwaka ule. Ukigawanya 1.37 kwa 40 wapata asilimia 3 na nusu kasoro kidogo, wakati ule ule ambapo hati za serikali za miaka mingi zilikuwa zikilipa zaidi ya asilimia 10. Kampuni ilikuwa nzuri, hilo hatubishi. Bei ndiyo iliyokuwa mbaya kwa mnunuzi. Kufikia mwisho wa 2023 hisa hiyo ilikuwa chini ya Sh 15. Nani alituambia mwaka 2021 tugawanye 40 kwa 1.71? Hakuna. Kila tulikopita tulisikia tu kwamba Safaricom haianguki.

Hapo mtu atasema: basi nimekwisha elewa, nitatafuta hisa yenye miaka michache, nitanunua hiyo. Ngoja, ndugu. Sisi wa kazi ya njia twajua kwamba kipimo kimoja hakitoshi. Reli yetu ya zamani ina upana wa milimita 1000. Fundi aweza kupima upana akaukuta sawasawa kabisa, na huku chini mataruma yameoza na kokoto zimechukuliwa na maji. Treni itaanguka na kipimo chako kikiwa sahihi. Kwa hiyo twende Mumias.

Mwaka wa hesabu uliokwisha Juni 2012, Mumias ilitangaza faida ya karibu Sh bilioni 2 baada ya kodi. Hisa zake zilikuwa bilioni 1.53. Gawanya: kama Sh 1.31 kwa kila hisa. Bei sokoni katika mwaka ule ilizunguka karibu na Sh 5 na Sh 6. Chukua Sh 6: ni miaka minne na nusu tu! Gawio lilikuwa senti 50, nalo kwa bei ya Sh 6 ni zaidi ya asilimia 8. Mtu aliyekomea hapo alisema nimeokota dhahabu, kama wazungu wa Rosterman zamani. Kampuni ya nyumbani, sukari inaliwa kila siku, faida imepanda, bei iko chini. Wangapi walinunua kwa sababu hiyo?

Lakini karatasi ile ile ya hesabu ilikuwa na mstari mwingine, juu kidogo ya ule wa faida ya mwisho. Ni mstari wa faida kabla ya kodi. Huo ulionyesha karibu Sh bilioni 1.76, na mwaka wa 2011 ulikuwa umeonyesha kama bilioni 2.65. Yaani kazi yenyewe ya kusaga miwa na kuuza sukari ilikuwa imeleta faida iliyopungua kwa theluthi moja. Ilikuwaje basi faida ya mwisho ikapanda? Kwa sababu ya hesabu ya kodi, ambayo mwaka ule iliongeza badala ya kupunguza. Hakuna aliyeficha. Ilichapwa, ikatangazwa, ikasomwa na wale wanaojua kusoma. Faida iliyopanda kwa ajili ya kodi si sawa na faida iliyopanda kwa ajili ya kazi, kama vile mtu aliyepata mkupuo wa malimbikizo mwezi huu hawezi kusema mshahara wake umeongezwa.

Gawanya tena, safari hii faida kabla ya kodi kwa mauzo. Mwaka 2011 mauzo yalikuwa karibu bilioni 15.8, kwa hiyo katika kila shilingi mia ya mauzo zilibaki karibu 17. Mwaka 2012 mauzo yalikuwa karibu bilioni 15.5, na zilibaki kama 11. Mauzo yamekaa karibu pale pale, na kilichobaki kimepungua vile! Fundi akiona injini inakula mafuta yale yale na kuvuta mabehewa machache zaidi, hangoji ripoti ya tume. Ajua kuna kitu ndani.

Yaliyofuata kila mtu wa Kakamega ayajua kwa machozi, lakini tuyaweke kwa tarakimu. Mwaka 2013 hasara ya karibu bilioni 1.7. Mwaka 2014 hasara ya bilioni 2.7. Mwaka 2015 bilioni 4.6. Mwaka 2016 bilioni 4.7. Mwaka 2017 karibu bilioni 6.8. Mwaka 2018 bilioni 15.1. Serikali ilitia fedha kuanzia 2015 na fedha zikazama. Habari za nani aliiba na nani alileta sukari ya magendo twawaachia mahakama na wachunguzi. Hapa twasema juu ya yale ambayo mtu wa kawaida angeweza kuyaona katika karatasi iliyotolewa kwa watu wote.

Na hapa ndipo mjanja wetu wa hisa za senti alipoingia kwa nguvu. Bei iliposhuka chini ya Sh 2, kisha chini ya shilingi moja, ndipo watu walipoambiwa wanunue. "Haiwezi kufa, serikali haitakubali, ikirudi Sh 6 utakuwa tajiri." Haya, tumpe kalamu. Hasara ya 2018 ni bilioni 15.1. Hisa ni bilioni 1.53. Kila hisa moja ilikuwa imepoteza karibu Sh 9.90 katika mwaka mmoja, na bei yake sokoni haikufika hata shilingi. Ni kama kununua ng'ombe kwa shilingi mia, halafu kila mwaka anakudai elfu moja. Ile hesabu ya kugawanya bei kwa faida haifanyi kazi hapo kabisa, maana faida haipo. Ukiona katika gazeti pale pa P/E pana kistari tu, usidhani mpiga chapa amesahau. Kampuni imepata hasara.

Kuna kipimo kingine ambacho mjanja huyu hakitaji kamwe, nacho ni deni. Tazama vitu viwili. Kwanza, madeni ambayo lazima yalipwe ndani ya mwaka mmoja, uyaweke mbele ya fedha na mali inayoweza kugeuzwa fedha ndani ya mwaka huo huo. Kama mali ni Sh 150 na deni ni Sh 100, waweza kulala. Kama mali ni Sh 50 na deni ni Sh 100, mtu fulani hatalipwa, na kwa Mumias mtu huyo alikuwa mkulima wa miwa na mfanyakazi wa kiwanda muda mrefu kabla ya kuwa mtu mwingine yeyote. Sisi tuliokuwa na wazazi na shemeji wenye mashamba ya miwa tuliona hesabu hiyo kabla ya kuisoma: miwa imekatwa, imepelekwa, fedha haiji, mtoto amerudishwa shule. Mkulima asiyelipwa ni tarakimu katika mizania, na ni tarakimu ya mapema kuliko zote. (Benki hazipimwi namna hii, maana biashara yao yenyewe ni deni. Usichukue kipimo cha kiwanda ukaenda nacho benki.)

Pili, tazama madeni yote mbele ya mali yote. Madeni yakizidi mali, mwenye hisa hana kitu. Ana karatasi. Hili watu hawaelewi, na twataka lieleweke katika kila kambi. Kampuni ikianguka, kuna foleni. Mwenye rehani husimama mbele. Wanaodai wengine hufuata nyuma yake. Mwenye hisa husimama mwisho kabisa, akipewa makombo kama yamebaki. Mumias ilikuwa imefika hapo: madeni yamepita mali. Septemba 2019 benki ya KCB ikaweka meneja wake kukusanya deni, na hisa zikasimamishwa sokoni. Bei ya mwisho ilikuwa senti 27. Kilichokuwa hakina pa kwenda ila juu kilikuwa kimepata pa kwenda. Mwishoni mwa 2021 kiwanda kikakodishwa kwa kampuni ya Sarrai kutoka Uganda. Moshi ukatoka tena bombani, watu wakashangilia, na wengine wenye hisa zao za zamani wakauliza gawio litakuja lini. Ndugu, mwenye kukodi kiwanda si mdeni wako. Kiwanda kufanya kazi ni jambo moja na hisa yako kuwa na thamani ni jambo jingine.

Wako watakaotujibu kwamba mambo haya ni ya wasomi. Jibu hilo limetuchosha. Katika yote tuliyoandika hapa hakuna hesabu isipokuwa kugawanya, na kugawanya tulifundishwa katika shule ya misheni kwa chokaa na kiboko kabla hatujabaleghe. Dereva wa treni asiye na digrii hupima kila siku tani za mabehewa mbele ya nguvu za injini na mwinuko wa njia, naye akikosea hufa watu. Mtu huyo huyo ataambiwa hawezi kugawanya faida kwa hisa? Kinachotushinda si hesabu. Ni lugha. Kitabu cha kuuza hisa hutoka na kurasa nyingi za Kiingereza cha mawakili, na ripoti ya mwaka vivyo hivyo, picha nzuri za wakurugenzi mwanzoni na madeni kule nyuma katika herufi ndogo. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, yasema Kiswahili ni lugha ya taifa na tena lugha rasmi. Lakini tukitakiwa kutoa fedha tunaitwa kwa Kiswahili, redioni na sokoni, na tukitaka kujua fedha inakwenda wapi twapewa Kiingereza. Hilo twaliita kwa jina lake, ni dharau.

Tena tuna neno na wakubwa wetu wenyewe. Wadhamini wa mafao husimama katika mkutano wa mwaka na kutusomea kwamba fedha imewekwa "mahali salama". Salama kwa kipimo gani? Hatujapata kusikia mmoja akituambia tulinunua hisa za kampuni fulani kwa bei fulani, faida ya kila hisa ilikuwa kiasi hiki, madeni yake kiasi hiki, na gawio kiasi hiki. Twasikia makofi, twapewa soda, twarudi kazini. Na sisi wanachama tuna sehemu yetu katika hilo, kwa maana tukiona karatasi ya tarakimu twaitumia kufungia chapati.

Kwa hiyo twaitaka kamati ya tawi ilete mambo haya katika mkutano ujao, na yapigiwe kura kwa mikono. Wadhamini watoe orodha ya hisa zote zilizonunuliwa kwa fedha yetu, kwa Kiswahili, na kando ya kila jina waandike bei, faida ya kila hisa kwa miaka mitano mfululizo, faida kabla ya kodi, gawio, na madeni mbele ya mali. Miaka mitano, si mmoja, kwa sababu mwaka mmoja ndio uliotudanganya 2012. Chama kiandikie Mamlaka ya Masoko ya Mitaji kudai kwamba kila kampuni inayouza hisa kwa watu wote itoe kurasa chache za hesabu zake kwa Kiswahili. Na wakala yeyote ajaye malangoni siku ya mshahara asiruhusiwe kusema na watu mpaka amekubali kuulizwa maswali mbele ya ubao.

Ubao upo. Jumamosi ya kwanza baada ya mshahara, saa nane mchana, tutakaa chini ya mwembe wa kambi na ripoti za kampuni tatu ambazo ndugu zetu wanazo hisa zake. Kila mtu alete kalamu, na mwenye cheti cha zamani cha Mumias akilete pia.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa njia, Kakamega